Siku moja maishani mwangu: kuongoza mitumbwi kwenye korongo la Ardèche

Saa 1:00 asubuhi, Vallon-Pont-d'Arc, kusini mwa Ufaransa. Naanza na ukaguzi: kila mtumbwi wa watu wawili uwe na makasia mawili, jaketi okozi mbili na pipa lenye mfuniko wa kukaza. Mpira wa mfuniko naufuta mchanga kwa kidole, kwa sababu chembe chache tu zinapitisha maji, na simu na mikate ya mchana vinalowa.

Saa 2:30 wateja wamefika. Mtoto wa chini ya miaka 7 hapandi, na asiyeweza kuogelea mita 25 hapandi. Viatu viwe vya kufunga, na kila mtu abebe lita mbili za maji ya kunywa. Kisha nawaeleza jambo ambalo picha za matangazo hazionyeshi: safari ni kilomita 32, na tukishapita Chames, barabara iko juu kabisa ya magenge hadi tunakaribia Sauze, mwisho wa safari. Ukichoka katikati, hakuna gari la kukuchukua.

Saa 4:00 tunapita chini ya Pont d'Arc, tao la chokaa la mita 54 kwenda juu, lililotobolewa na mto wenyewe. Wanapiga picha, wanaogelea kidogo, tunaendelea.

Kazi yenyewe iko Dent Noire, mwamba uliokaa katikati ya mkondo. Haukosekani mtumbwi unaokwenda upogo: wa mbele anamlaumu wa nyuma, na wa nyuma ameweka kasia magotini, anasema amelipia kupumzika. Namwelewa. Lakini mtumbwi unaoelea kwa mwendo uleule wa maji haushiki usukani. Unageuka ubavu, na ubavu ndio unaopiga mwamba. Hapo mwili wa mtu unataka kukimbia jiwe, unaegemea upande maji yanakotoka. Ukingo unazama, maji yanamiminika ndani, na sasa kuna mamia ya kilo yanayoubana mtumbwi kwenye mwamba. Dawa ni kuliegemea jiwe, kulikumbatia kabisa. Ukitumbukia, lala chali, miguu itangulie, na usijaribu kusimama: mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi. Wala usikae kati ya mtumbwi na mwamba. Nayarudia haya asubuhi, nayarudia tena kabla ya kona, na bado inabidi niingie majini kuuvuta mtumbwi, kuupindua ukingoni na kuumwaga, kundi zima likisubiri juani.

Tunakula kwenye changarawe. Takataka zote zinarudi pipani, kwa kuwa hapa ni hifadhi tangu 1980. Moto hauwashwi, na wanaolala njiani hulala Gaud au Gournier tu, kwa nafasi waliyoweka mapema.

Mchana saa hazihesabiki vizuri. Agosti maji yakipungua, mitumbwi inakwaruza mawe: shuka, vuta, panda, na baada ya kona ni hivyohivyo. Watu wananyamaza. Mwamba wa Cathédrale unawaamsha kidogo, kisha yanakuja maji yaliyotulia na upepo wa usoni, na hapo mtumbwi usiopigwa kasia unarudi nyuma. Aliyechoka kabisa namfunga kamba nyuma yangu.

Sauze, jua limeshuka. Wateja wanapanda basi dogo. Mimi nahesabu makasia na jaketi, kisha tunapandisha mitumbwi kwenye tela, mmoja juu ya mwingine, midomo chini ili isibaki na maji.