Casio CZ-101: kinanda kimoja, sauti nne

Nilitaka besi na ogani zilie pamoja, nami nina kinanda kimoja tu: Casio CZ-101 ya miaka ya 1980, chenye vitufe vidogo 49 ambavyo wageni hudhani ni vya mtoto. Kila nilipotuma noti za besi kutoka kwenye kompyuta, zililia kwa sauti ya ogani. Nikabadilisha waya wa MIDI (mfumo ambao vinanda na kompyuta hutumia kupeana noti, kupitia njia zinazoitwa chaneli), wapi!

Kumbe dawa ilikuwa humo humo. Nilikiweka katika hali ya mono ya MIDI, kikaanza kupokea chaneli nne zinazofuatana, kila moja na sauti yake. Ila kila chaneli hutoa noti moja tu kwa wakati. Basi besi nikaipa chaneli ya 1, na noti tatu za ogani nikazigawa kwenye 2, 3 na 4.