Punda wangu alifunga Ramadhani bila kutia nia

Mie ni mtu wa punda hapa Lamu mjini, babangu alikuwa wa punda na mie nikaingia humo humo, nabeba simiti, mchanga na mawe yanayotoka kisiwa cha Manda, nayatoa ufuoni yanaposhushwa na mashua mpaka kwenye nyumba zinazojengwa huko ndani mitaani ambako gari haifiki na mkokoteni haupenyi. Nina punda watatu. Nilikuwa najiona fundi wa kazi hii mpaka Ramadhani ya 2024, ile iliyoangukia Machi, na Machi ya huku mnaijua, kaskazi imelegea, kusi bado, hewa imesimama tu, hata ukikaa kivulini jasho halikauki.

Siku hiyo kulikuwa na mifuko 60 ya simiti na mwenye nyumba anataka yote iwe imefika kabla ya alasiri. Mie baada ya daku nikalala, nikaja kuanza kazi saa tatu jua lishapanda, kosa la kwanza hilo. La pili ni mzigo, mifuko miwili kila punda, yaani kilo 100 juu ya mnyama ambaye mwenyewe hata 160 sidhani kama anafika. Saa saba mchana dume langu kubwa, namwita Tajiri, akasimama katikati ya njia. Nikasema ukaidi huu. Nikamchapa, sitawaficha. Hakusogea. Pua zimepanuka, mbavu zinakwenda mbio kama mivuo ya mhunzi, masikio yamelala, jasho chapachapa mpaka chini ya shogi, ule mfuko wa mgongoni wa kubebea mzigo, halafu miguu ya nyuma ikaanza kuyumba.

Palikuwa na mzee kwenye baraza akaniuliza, mwanangu, huyo punda kanywa lini? Nikanyamaza nikahesabu. Jana usiku. Akasema basi mwenzio amefunga pamoja nawe, tofauti yeye hakutia nia.

Wallahi niliona haya. Tukamshusha mzigo, tukamtoa shogi, tukamvuta kivulini, na kijana akakimbia kuita watu wa kliniki ya punda, ile iliyoko hapa mjini tangu 1987 na haitozi pesa. Huku nyuma mie nabishana na watu kwa sababu nimekua nikisikia mnyama akiwa moto usimpe maji na usimmwagie, moyo utasimama au tumbo litamkata. Daktari alipofika akasema mwagieni, tena msiache, shingo, kifua, tumbo, katikati ya mapaja, ndoo baada ya ndoo. Kuna mtu alishaleta gunia bichi amfunike, akakatazwa, manake gunia likikaa mgongoni linapata moto na kuuzuia humo humo. Na maji ya kunywa akapewa, ndoo nusu, apumue, tena nusu. Kipimo cha joto kilipita 40 wakati punda mzima huwa kwenye 37 hivi. Akatiwa dripu, na mpaka magharibi alikuwa anatikisa masikio.

Kilichonishangaza ni vile sikuona chochote mapema. Daktari akanieleza punda asili yake nchi kavu, jamaa zake wa mwituni bado wako Eritrea na Ethiopia, kwa hivo anaweza kupoteza maji mengi mwilini na akaendelea kutembea kama hana neno. Farasi utamuona kachoka. Punda anakaa kimya, na siku akikuonyesha ujue ashafika mbali. Ndo maana sasa sitizami uso, natizama vitu vingine. Nabana ngozi ya shingo kwa vidole na kuiachia, ikirudi papo hapo sawa, ikibaki imesimama kama hema ana kiu (punda mzee au aliyekonda ngozi hurudi polepole hata akiwa sawa, basi lazima umjue wako). Namfunua mdomo, ufizi uwe mbichi na wa waridi, nikiubonyeza weupe uishe nikihesabu mbili. Ukinata kama gundi, hakuna kazi. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi pia hapana, na mavi yakiwa madogo makavu hayo ni maumivu ya tumbo yanakuja, na hapa kwetu tumbo ni balaa maana punda wanaokota taka mitaani.

Ratiba nimeigeuza. Kiangazi naanza mara baada ya alfajiri, saa nne nafunga kazi, narudi baada ya alasiri. Mfuko mmoja kwa punda. Wateja wawili walinikimbia kwa sababu safari zimekuwa nyingi na bei imepanda, sawa, wakatafute mwengine.

Maji ndo yalinisumbua zaidi, kumbe punda ana madaha kuliko bibi harusi. Mwanzo nilimwekea kwenye ndoo ya simiti, akanusa, akageuza uso. Nikamletea ya kisima cha mtaani ambacho kiangazi kinakuwa na chumvi, akaonja akaacha, na mie nikasema basi hana kiu! Siku hizi nina ndoo yao peke yao, haiguswi na sabuni wala rangi, naisugua kila asubuhi, na natia maji matamu. Kwa siku ya jua kali kila mmoja anamaliza mtungi wa lita 20 na wakati mwengine anazidi. Lakini hawanywi mara moja, kwa hivo nimeweka ndoo mbili, moja ufuoni wanapopakiwa na moja kule site, kila safari wanapitia. Jioni pumba nazilowesha kwanza ziwe uji, na ukutani nimetundika jiwe la chumvi walirambe wakitaka.

Tajiri yupo, mzima, ila ile njia aliyosimama siku ile mpaka leo akifika hapo anasimama kidogo. Mie namwacha. Ndoo ya ufuoni ishaibwa mara tatu, sasa nimeitoboa ukingoni nikaifunga na mnyororo kwenye nguzo, na kuna mtu bado anakuja kuoshea samaki humo.