Mtoto akipatikana na saratani ya jicho, anzia hapa

Wazazi wa Kisumu na Vihiga mnaonitumia meseji usiku mkiuliza mtaanzia wapi, nawajibu wote hapa. Inaitwa retinoblastoma, inashika watoto wadogo, wengi hawajafika miaka 5, na ile alama nyeupe kwa mboni hata sisi tuliiona kwa mtoto wetu, kwa picha ya simu iliyopigwa na flashi. Si uchawi, si kitu mama alikula akiwa na mimba, ni jeni inaitwa RB1 imeharibika.

Usikae usiku kucha ukisoma vitu vya kutisha kwa intaneti, hazimjui mtoto wako, mpeleke. Sabatia huko Vihiga kuna hospitali ya macho, na Eldoret kuna Moi ya rufaa, wanatibu saratani ya watoto. Enda na daftari uandike maswali: ni jicho moja ama yote mawili, imetoka nje ya jicho ama bado, na ndugu zake wachunguzwe lini, hiyo ya ndugu watu husahau na ni muhimu sana juu kuna aina inarithiwa.

Wakisema jicho litolewe, aki najua, dani (nyanya) ya mtoto wetu alilia hadi akakataa kula. Lakini ikishikwa ikiwa bado ndani ya jicho watoto wengi wanapona, na jicho bandia linawekwa.

Mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, ulizia mapema kabla matibabu yaanze. Na tafuta mzazi mwenye amepitia, mimi mmoja wa kwa foleni ya kliniki ndiye alinionyesha vile jicho bandia linasafishwa. Kama uko Kondele ama Mamboleo hapa Kisumu niandikie, tutaenda pamoja.