Jongoo Mweusi wa Mikindani

Jumamosi, usiku.

Kidole gumba changu bado kina wekundu. Nimekinawa kwa sabuni mara mbili, kisha nikaacha.

Leo bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kwa maji, lilikuwa kubwa. Kufika saa nne asubuhi maji ya ghuba ya Mikindani yalikuwa yamekupwa mbali, majani ya bahari yamelala juu ya mchanga. Nilishuka na bibi mmoja wa mtaani kwetu, ambaye tangu usichana wake hachezi mbali na pwani hii. Yeye alikuwa na kijiti chake cha kuchokolea pweza. Mimi nilikuwa na beseni, wembe na kichupa, kwa ajili ya jongoo bahari mweusi, yule mnyama laini wa baharini mwenye umbo la tango.

Watu huwapita majongoo hawa kama wanavyopita mawe. Mimi wamenikosesha usingizi miaka miwili, kwa sababu weusi wa hapa si wa namna moja, na nimekuwa nikichanganya aina mbili ambazo wataalamu huziita Holothuria atra na Holothuria leucospilota. Nilikuwa nikitazama rangi tu, na wote wawili ni weusi.

"Mguse kwanza, mjukuu wangu," bibi akaniambia. Akainama, akampangusa mchanga mgongoni kwa kidole gumba, akanionyesha. Kimekuwa chekundu cha kuiva, kama cha mtoto aliyetoka kula zambarau. "Huyu anatoa rangi. Yule anayejificha chini ya jiwe anatoa gundi."

Nilisimama pale maji yananifika vifundoni, nikirudia maneno yale. Gundi anayoisema ni nyuzi nyeupe zinazonata, ambazo leucospilota huzitoa kwa nyuma akichokozwa. Wataalamu huziita mirija ya Cuvier, kwa jina la Mfaransa Georges Cuvier. Atra hana mirija hiyo. Bibi hajapata kumfungua jongoo hata mmoja, na tofauti hiyo ya ndani anaijua.

Nikamtia kwenye beseni, nikachuchumaa. Urefu wake ni kama kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko. Mwili wote amejipaka mchanga, isipokuwa madoa ya mviringo yaliyobaki wazi, yamejipanga safu mbili mgongoni. Tumboni ana miguu midogo laini ya kunyonya, ukimwinua inashika beseni na kuachia mmoja mmoja. Ilinibidi ningoje sana mpaka akatulia na kutoa minyiri ya mdomo, mifupi, yenye ncha kama ngao iliyochanika. Nikahesabu ishirini. Ila leucospilota naye anayo ishirini, kwa hiyo minyiri haikumaliza shauri.

Hapo ndipo mwaka jana nilipokosea, na bado inaniuma. Nilimchukua mmoja mzima, nikampasua. Niliona misuli mitano mirefu ukutani mwa mwili, utumbo uliojaa mchanga, na vile viungo vya kupumulia vilivyotawanya matawi kama mti. Nilichora vyote. Halafu, kwa kuwa sikuwa na spiriti, ngozi nikaihifadhi kwenye siki. Siku kadhaa baadaye nilipoweka kipande chini ya hadubini, hakukuwa na kitu. Vijifupa vya chokaa vilivyomo ndani ya ngozi, ambavyo ndivyo vinavyotenganisha aina na aina, siki ilikuwa imeviyeyusha vyote. Jongoo amekufa, na jina lake sikulipata.

Leo nilikata kipande cha ngozi ya mgongo, ukubwa wa punje ya mchele, basi. Kidonda kidogo namna hiyo hupona. Nikamrudisha palepale kwenye majani.

Nyumbani nilikiweka kipande kile juu ya kioo, nikadondosha tone la jiki. Jiki inakula nyama na kuiacha chokaa. Baada ya dakika chache kikabaki kivuli cheupe. Nikakisuuza kwa matone ya maji, polepole, nikikivuta kwa ncha ya karatasi ili vijifupa visichukuliwe, nikaingiza kioo chini ya hadubini ninayoitumia kufundishia.

Vilikuwepo! Kwanza niliona vijimeza: msingi mdogo wa duara, juu yake mnara wa nguzo nne uliovaa taji la miiba. Ukivitazama kwa juu, taji lile linaonekana kama msalaba. Katikati ya vijimeza hivyo vimetapakaa viua, vijitawi vifupi vilivyofungamana kama waridi lisilofunguka vizuri. Nikatafuta vifungo, yaani vile vibapa vyenye matundu ambavyo leucospilota anavyo. Nimezungusha kioo kona hadi kona, nikarudia na kipande cha pili. Hakuna hata kimoja.

Kwenye daftari nimeandika jina, aliyelitoa na mwaka wake: Holothuria atra, Jaeger, 1833. Mkono ulinitetemeka kidogo. Chini yake nimechora vijimeza vitatu na viua vinne, na pembeni nimekibonyeza kidole gumba changu kikaacha alama hafifu ya zambarau.

Jioni nilimpelekea bibi daftari. Akaliweka karibu na taa, akavitazama viua kwa muda mrefu bila kusema.

"Na mwenyewe umemrudisha?"

"Nimemrudisha, bibi."

"Pale pale kwenye majani?"

"Pale pale."

Akafungua ukurasa tena.