Mdudu wa mahindi ya mjomba, Muheza

Ilikuwa masika, mahindi yamefika kifuani, mjomba akanipigia simu akasema we si unasomea wadudu, basi njoo uone huku shamba zima linanata. Na kweli linanata bwana, ukishika jani vidole vinagandana kama umemwagikiwa soda, sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mabua, na ukifunua pale juu majani yanapochomoza unakuta vidudu vimejazana, wakubwa kwa watoto, ukisogeza mkono vinakimbia upandeupande kujificha nyuma ya jani, vingine vinaruka pap!

Jirani yake alishatoa hukumu. Huyo ndo analeta ugonjwa wa milia, pigeni sumu leo leo.

Nikamwambia subiri kwanza mzee wangu. Anayeeneza milia, ule ugonjwa wa mahindi ambao Kiingereza ni maize streak, namjua, anaitwa Cicadulina mbila, na mtafiti mmoja, Storey, alikuwa anamchunguza hapo hapo kituo cha utafiti cha Amani miaka ya 1930, yaani mlima ule tunaouona tukiwa shambani. Yule ni mdogo, wa njano, ana vidoti viwili vyeusi kichwani, na mguu wake wa nyuma una safu za vimiba kutoka juu mpaka chini.

Nikakamata mmoja nikamtia kwenye spiriti, nikatoa lenzi. Hana vidoti. Antena zimeota chini ya jicho na zina kitako kinene, halafu mguu wa nyuma, hapa ndo penyewe, hauna zile safu bali una mwiba mmoja mkubwa, bapa, umekaa mwisho wa ugoko, na ukiusukuma kwa ncha ya sindano unacheza. Ukishauona huo hakuna mjadala tena, huyo ni planthopa, kidudu mrukaji anayefyonza utomvu wa mimea, wa familia ya Delfasidi. Kumpata jina kamili ndo ilibidi niangalie mengine: mwili wa kahawia-njano, mabawa maangavu yenye mabaka ya kahawia kuelekea nchani, wengine mabawa yao mafupi hata tumbo hayafuniki, na mayai yamechomekwa ndani ya mshipa wa kati wa jani, juu yake kuna kama nta nyeupe. Peregrinus maidis.

Nikampa mjomba lenzi. "Mi naona kope zangu tu mpwa wangu."

Jirani akadakia, kwa hiyo huyo hana ugonjwa? Anao, ila wa kwake, anabeba virusi vya mozaiki ya mahindi, milia siyo yake. Hakupenda hilo jibu. Tukazunguka mistari yote, majani ya kijani kabisa, hayana dalili ya ugonjwa, nikamshauri mjomba asipige sumu kwa sasa maana buibui walikuwa kibao na wangekufa wao kwanza, ila ang'oe mtama uliojiotea mpakani kwa sababu hawa wadudu wanaishi humo pia mahindi yakiisha.

Akakubali fasta. Shida ni kwamba nusu ya mtama wenyewe ulikuwa upande wa jirani, na jirani akasema ule ni wa kuku wake, haung'olewi.