Jinsi nilivyoutafuta ubovu nyuma ya msimbo P0441

Taa ya injini ilipowaka kwenye dashibodi, gari langu halikuwa na dalili ya kuugua: lilivuta vizuri na halikutoa moshi. Nilichomeka kifaa cha kusomea misimbo ya hitilafu katika soketi ya OBD-II, yaani ile ya kuunganishia vifaa na kompyuta ya gari, iliyo chini ya usukani, nacho kikanionyesha P0441. Kwa kuwa nilikwisha kusikia mara nyingi kwamba hitilafu za mvuke wa petroli husababishwa na kifuniko cha tangi, nilinunua kifuniko kipya, nikaufuta msimbo na kujipongeza. Siku ya nne taa ikawaka tena.

Hapo ndipo nilipousoma msimbo wenyewe kwa makini, jambo ambalo nilipaswa kulianza. Uvujaji, kama ule wa kifuniko kibovu, una misimbo yake: P0455 kwa uvujaji mkubwa, P0442 kwa mdogo, na P0456 kwa ule mdogo zaidi. P0441 huzungumzia mtiririko, yaani mvuke unaotoka kwenye kopo la mkaa, ambalo huunasa mvuke wa petroli kutoka tangini, kwenda kuchomwa injinini haupiti kwa namna ambayo kompyuta inautarajia. Mfumo una vali mbili zinazotofautiana kitabia: ile iliyo upande wa injini hufunga isipopata umeme, na ile iliyo karibu na kopo, inayoingiza hewa safi, hukaa wazi mpaka kompyuta iifunge ili ipime kama kuna uvujaji. Bila kuzifahamu hali hizo za kupumzika, vipimo vyote vinavyofuata ni kubahatisha.

Nilikumbuka pia kero niliyokuwa nikiilaumu betri: kila nilipotoka kujaza petroli, injini ilikuwa nzito kuwaka, lakini nyakati nyingine iliwaka mara moja. Betri haijui kama tangi limejazwa. Vali ya upande wa injini ikikwama wazi, mvuke unaosukumwa na petroli inayoingia tangini hupata njia ya kwenda moja kwa moja injinini, na mchanganyiko huzidi mafuta.

Niliwasha injini, nikauchomoa mpira unaotoka kwenye kopo la mkaa na kuweka kidole mahali ulipoingia kwenye vali. Nilihisi mvuto mkali. Mvuto huo peke yake haukutosha kuwa ushahidi, kwa sababu injini ikiwa imepata moto kompyuta yenyewe huweza kuifungua vali. Kwa hiyo nilichomoa plagi yake ya umeme, na mvuto ukaendelea vilevile. Nilipoizima injini na kupima koili, yaani waya uliozungushwa ambao huifungua vali kwa umeme, kwa mita, haikuwa imekatika, na hilo likanieleza kwa nini sikupata P0443, msimbo unaohusu saketi ya vali hiyo. Umeme ulikuwa mzima. Kilichoshindwa ni chuma kufunga.

Ningeweza kununua vali na kuishia hapo. Kwa udadisi tu niliigonga ile ya zamani juu ya karatasi nyeupe, na chembe nyeusi zikamwagika: mkaa. Kopo lilikuwa limeharibika ndani na kuutema mkaa wake njiani, na vali mpya ingekwama kama ya kwanza. Nina sababu ya kujishuku, kwani kwa miaka mingi nilikuwa na mazoea ya kuendelea kuongeza petroli baada ya bomba la kujazia kujikata, na petroli ya majimaji ikifika kwenye kopo lililokusudiwa kupokea mvuke, huuharibu mkaa. Nilibadilisha kopo na vali kwa pamoja, na kabla ya kuvifunga nikalisafisha bomba linaloviunganisha kwa hewa ya shinikizo mpaka lisitoe tena vumbi jeusi.

Kuufuta msimbo hakukuthibitisha lolote, kwa kuwa kompyuta huupima mfumo huu pale tu masharti yake yanapotimia. Niliacha tangi likiwa karibu nusu, maana likijaa sana au likikaribia kuisha kipimo hakifanyiki, nikaliacha gari lipoe usiku kucha kabla ya kuliwasha. Asubuhi ya tatu kifaa kilionyesha kwamba kipimo kimekamilika, bila msimbo wowote. Siku hizi injini huwaka mara moja hata baada ya kujaza petroli. Kifuniko cha zamani, ambacho hakikuwa na kosa lolote, kingali ndani ya kisanduku cha vifaa.