Jinsi nilivyouza riale na rupia za bibi bila kuzitia zote kwenye mzani mmoja

Sonara wa kwanza niliyempelekea sarafu za marehemu bibi yangu hakuitazama hata moja. Alizimimina zote kwenye sahani ya mzani, akasoma namba, akabonyeza kikokotoo, kisha akanitajia shilingi 400,000 kwa sauti ya mtu anayenifanyia hisani. "Mwalimu," aliniambia, "nakupa bei hii kwa heshima ya bibi yako tu, maana siku hizi fedha haina soko, watu wanataka dhahabu." Nilikuwa nusura nikubali, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na jua la Tanga na nilikuwa na ndugu sita waliokuwa wakisubiri mgawo wa mirathi. Kilichoniokoa si busara. Alipozirudisha sarafu mkobani ili akatafute pesa kwa jirani yake, aliniuliza kwa haraka mno kama zipo nyingine nyumbani, na mtu asiyetaka bidhaa haulizi swali hilo.

Sarafu zenyewe zilikuwa ndani ya kopo la Blue Band, na tulizikuta chini ya sanduku la bibi siku ya arubaini yake. Zilikuwepo riale 14, sarafu kubwa za fedha zenye sura ya Maria Theresa, malkia wa zamani wa Austria, tisa kati yake zikiwa zimelehemewa vishikizo na kutungwa kwenye kidani, na tano zikiwa huru. Zilikuwepo rupia tisa, sita za Kijerumani na tatu za Kihindi zenye kichwa cha Malkia Victoria. Zilizobaki, karibu arobaini, zilikuwa shilingi za Mfalme Joji zenye simba, ambazo kila nyumba ya pwani ina mzee anayeamini kwamba zitakuja kuwatajirisha wajukuu.

Ushauri ulianza kumiminika siku hiyo hiyo, na karibu wote ulikuwa mbaya. Mjomba wangu, ambaye namheshimu katika mambo mengine yote, alisema kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayenunua kitu cheusi, kwa hiyo lazima zisafishwe kwanza. Nilichagua rupia iliyo nzuri kuliko zote, ya Kijerumani ya mwaka 1890, ambayo kofia ya chuma ya Kaisari Wilhelm, mfalme wa Wajerumani, na tai aliyekaa juu yake vilionekana wazi kana kwamba imepigwa chapa juzi. Niliilaza kwenye karatasi ya alumini, nikainyunyizia soda ya kuokea mikate, nikaimwagia maji yaliyochemka. Chumba kilijaa harufu ya mayai viza, na weusi ukaanza kuhama kutoka kwenye rupia kwenda kwenye karatasi, jambo lililonifurahisha kama mtoto. Ningeishia hapo hasara ingekuwa ndogo. Lakini pembezoni palibaki kivuli kidogo, na mjomba akasema kwamba kazi ya nusu si kazi, basi nikachukua ndimu, majivu na mswaki wa zamani, nikasugua kwa muda wa robo saa hivi huku nikijisifu. Rupia ilitoka nyeupe inayometameta kama kifuniko cha sufuria mpya. Nilikuwa nimeshaitenga rupia ya pili pale simu ilipolia, na ilikuwa simu ndefu, nikaahirisha. Simu ile ilikuwa ya mtu wa benki aliyetaka kuniuzia mkopo, na hadi leo namwombea heri.

Ushauri wa pili uliletwa na dalali mmoja aliyesikia habari zetu msikitini au sokoni, sijui wapi. Huyu alinieleza, akiangalia nyuma kila baada ya sentensi, kwamba rupia ya Mjerumani yenye simba na mnazi inatafutwa na wageni kwa mamilioni, mradi iwe ile inayovuta mchele. Alitaka shilingi 150,000 za kumleta mtaalamu wa kipimo. Sikumlipa, ila nakiri kwamba usiku ule nilifunga mlango, nikamwaga punje za mchele kwenye sahani, nikaiweka rupia katikati na kukaa kuitazama. Mchele haukusogea, na asubuhi kuku waliula. Fedha haivuti hata sindano, seuze mchele. Na sarafu yoyote ya fedha inayonasa kwenye sumaku, ikimbie.

Baada ya aibu hiyo niliamua kujua nilicho nacho kabla ya kukitafutia mnunuzi, nikaanza na swali la kama zote ni za kweli. Riale ya Maria Theresa inapaswa kuwa na uzito wa gramu 28 na nukta chache, na katika kila sehemu 1,000 za sarafu hiyo, 833 ni fedha na zilizobaki ni shaba. Tatizo ni kwamba mzani peke yake haukuweza kuniambia kitu, kwa sababu vishikizo vya kidani viliongeza uzito na kusuguana kwa miaka mingi kumeupunguza. Hapo ndipo nilipopata hila ambayo najivunia hadi kesho, ijapokuwa mwanafunzi wangu yeyote wa fizikia angeniambia kwamba Archimedes alinitangulia. Niliazima mzani mdogo wa betri wa kijana anayetengeneza simu, nikaweka juu yake glasi ya maji na kuurudisha usome sifuri. Kisha niliifunga riale kwa uzi mwembamba na kuizamisha majini bila kuiacha iguse chini wala ukingo wa glasi. Namba inayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na ukigawa uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo, riale halisi inakupa kama 10.2, iwe na kishikizo au isiwe nacho. Rupia, ambazo zina fedha nyingi zaidi, 917 kwa 1,000, zinakupa 10.3 hivi.

Kidani chote kilifaulu. Riale moja kati ya zile tano huru ilikuwa na uzito wa gramu 26 tu na ikasukuma gramu tatu nzima za maji, yaani jawabu halikufika hata tisa. Niliigeuza ubavuni nikaona kwamba ukingo wake ni laini, wakati wenzake wote wana maandishi ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yamechongwa kuzunguka ubavu. Bibi yangu, mwanamke aliyekuwa akizihesabu chenji za muuza samaki mara tatu, alikuwa ametapeliwa na akaitunza siri yake.

Sasa, riale zote hizi zina mwaka 1780, na huu ndio mtego unaowanasa wengi. Maria Theresa alifariki mwaka huo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Omani na pwani yetu waliipenda sarafu hiyo kiasi kwamba iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule, Vienna na baadaye hata London, Rome na Bombay, hadi katika karne ya 20. Ndiyo maana mtu anayekuambia kwamba una kitu cha miaka zaidi ya 200 huenda anazungumzia kitu kilicho rika la baba yake. Jambo hili lilinisumbua pia kwa upande wa sheria, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahifadhi vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na mwaka uliochapwa kwenye riale ungeweza kunitia matatani bure. Nilikwenda kuuliza kwa wahusika nikiwa na picha, nikaelezwa utaratibu, na nikaamua kuwa sitauza chochote cha kuvushwa nje ya nchi. Uamuzi huo ulinipunguzia wanunuzi lakini uliniongezea usingizi.

Shilingi za Joji nilizimaliza kwa dakika tano. Zile zilizotolewa kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, na zile za 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa. Hakuna sonara atakayewasha moto kwa ajili yake, na wakusanyaji wamezichoka. Shangazi aliposikia hivyo alinikasirikia mimi, badala ya Mfalme Joji.

Kwa hesabu ya bei ya dunia ya mwaka ule, 2023, aunsi moja ya fedha safi, yaani gramu 31 hivi, ilikuwa ikizunguka dola 23 au 24. Kwa hiyo fedha iliyomo ndani ya riale moja ilikuwa na thamani ya shilingi 40,000 na kitu, na ya rupia moja kama 20,000. Sonara wanaijua hesabu hii vizuri kuliko mimi na wewe. Wengi wao bado wanapima kwa tola, na tola moja ndiyo uzito wa rupia moja. Bei hiyo niliichukulia kuwa sakafu ya kusimamia. Kwa rupia za Kijerumani nilitafuta katika kumbukumbu za minada ya mtandaoni bei ambazo sarafu kama zangu ziliuzwa kweli. Bei ambazo watu wanaziomba nilizipuuza, kwa kuwa yupo anayeomba dola 2,000 kwa rupia moja iliyochakaa na ataendelea kuomba hadi siku ya Kiyama. Zilizouzwa zilionyesha kwamba rupia ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ikiwa haijasuguliwa, ilikuwa ikipata mara tatu hadi tano ya thamani ya fedha yake.

Kidani kilikuwa mtihani wangu mgumu. Kwa mkusanyaji, riale yenye kishikizo ni sarafu iliyojeruhiwa, na mtu mmoja alinishauri nivikate vishikizo kwa msumeno mdogo ili riale ziwe huru. Nilishaungua kwa majivu, sikutaka kuungua kwa msumeno. Aliyenifumbua macho ni mke wangu, aliyeuliza kwa nini nang'ang'ania kuuza sarafu ilhali nina pambo mkononi. Alinipeleka kwa mama mmoja anayepamba maharusi na kukodisha mavazi ya kale, na mama huyo alipokivaa kidani mbele ya kioo nilijua kwamba mnunuzi amepatikana. Tulivutana siku mbili kwa adabu kubwa. "Mwanangu, mimi si sonara, mimi nanunua harusi," alisema, na nikajibu, "Basi shikamoo tena, mama, harusi haipimwi kwa tola." Alilipa 700,000 na ushei, zaidi sana ya bei ya kuyeyusha, na weusi wa riale zile ndio alioupenda.

Zilizobaki nilizipeleka Unguja kwa boti, na gharama ya nauli, malazi na urojo niliokula sijaitia kwenye hesabu kwa sababu ningekwenda tu hata bila sarafu. Katika duka la vitu vya kale Mji Mkongwe niliweka mezani riale nne peke yake, nikamwacha mwenye duka aamini kwamba ndizo nilizokuja nazo. Tulipokubaliana 55,000 kila moja, ndipo nilipotoa rupia za Kihindi, nazo zikaenda kwa bei ya fedha yake bila ubishi, kwa kuwa ni nyingi mno duniani. Za Kijerumani nilizitoa mwisho, kila moja ikiwa imefungwa kwenye karatasi yake. Yeye hakuzinunua, bali alimpigia simu mkusanyaji wake wa Dar es Salaam, na nikiwa njiani kurudi tulikutana ndani ya benki, mahali ambapo kamera zipo na pesa inahesabiwa kwa mashine. Alizikagua kwa lenzi moja baada ya nyingine akichukua muda wa kunikera. Tano alizinunua kwa wastani wa 100,000. Ya sita, ile ya 1890 niliyoisugua, aliigeuza mara mbili kwenye mwanga, akaona michirizo ya mswaki ikizunguka uso wa Kaisari, na akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja bila kusema neno. Nilipombembeleza alitaja 20,000.

Sikumpa. Tulipogawana, jumla ikiwa imekaribia milioni moja na nusu, niliiingiza rupia ile katika fungu la mjomba kwa bei hiyo hiyo ya 20,000, naye akaipokea kwa furaha isiyo kifani. Sasa anaiweka kwenye kabati la vioo sebuleni, na kila mgeni anayeingia huonyeshwa jinsi inavyong'aa na kuambiwa kwamba nyingine tulizitupa tu kwa kukataa kuzisafisha.